Mtoto apimwe na mwanasaikolojia wa elimu kupitia shule huko England: mwongozo kamili kwa wazazi Waswahili

Kila muhula maswali ni yale yale. Shule imesema mtoto yuko kwenye foleni ya EP, sasa mwaka umepita. Mwalimu anasema shida ni Kiingereza tu, atazoea. Nimeomba kwa mdomo mara kibao, kila mtu ananiambia "tutaangalia". So nimeziweka hatua zote hapa kuanzia mwanzo, na ni za England tu, maana Wales, Scotland na Northern Ireland wana sheria zao, ukichanganya utaandika barua yenye vifungu visivyokuhusu.

EP ni kifupi cha educational psychologist, mwanasaikolojia anayeangalia mtoto anajifunzaje na anakwama wapi. Kabla ya yote shika hili: kuna njia mbili za kumpata, na watu wanazichanganya.

Njia ya kwanza ni ya shule. Hapo unaomba na shule ndo inaamua, hakuna sheria inayoilazimisha kumleta EP kwa mtoto wako. Shule nyingi zinanunua masaa machache ya EP kwa mwaka, na watoto wanaosubiri ni wengi, kwa hiyo anayeonwa ni yule ambaye shule imemweka juu ya orodha.

Njia ya pili ni ya kaunsili. Unaomba tathmini inayoitwa EHC needs assessment (EHC ni Education, Health and Care, ikipita kaunsili inamwandikia mtoto mpango wa msaada wa kisheria, ndo mpango wa EHC), na kaunsili ikikubali kuifanya basi LAZIMA ipate ushauri wa EP, siyo hiari. Na wewe mzazi unaruhusiwa kuomba mwenyewe, hata kama shule haitaki, hata kama SENCO, mwalimu wa mahitaji maalum, amenuna. Wengi wanahangaika na njia ya kwanza miaka miwili mitatu bila kujua hii ya pili ipo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Tafuta faili moja, la karatasi au la kwenye simu, uweke haya:

- Ripoti zote za shule, pamoja na za Kenya, Tanzania, Congo au kokote mtoto alikosoma kabla. Hata kadi ya kliniki ya utotoni itunze, kama alichelewa kutembea au kuongea inasaidia.
- Barua za GP (daktari wenu wa kawaida), hospitali, speech therapist, yeyote aliyewahi kumwona.
- Daftari la wiki kadhaa, wewe mwenyewe unaandika kinachotokea nyumbani: homwek imechukua muda gani, amelia, amesahau nini, asubuhi za shule zikoje.
- Sampuli mbili tatu za mwandiko wake, ziwe na tarehe.
- Anwani ya imeli unayoifungua kweli. Usitumie ya mtoto wako mkubwa, barua zenye muda wa kisheria zitakupita.

Kama shule haikupi rekodi zake, iandikie uombe. Shule ya serikali ya kawaida inatakiwa ikupe rekodi ya elimu ya mtoto ndani ya siku 15 za shule. Akademi (shule ya serikali isiyoendeshwa na kaunsili) sheria yake ni tofauti kidogo, huko omba kwa sheria ya data, wana mwezi mmoja.

## Hatua ya 1: Masikio na macho

Hii watu wanairuka. Mtoto anayesikia nusu nusu anaonekana haelewi, na maji kwenye sikio la kati ni kitu cha kawaida sana kwa watoto wadogo, yanakuja na kuondoka, leo anasikia wiki ijayo hasikii. Nenda kwa GP uombe apimwe masikio. Macho apimwe dukani kwa daktari wa macho, NHS inalipa kwa kila mtoto chini ya miaka 16.

Sababu nyingine ni kwamba EP mwenyewe atauliza. Kama hakuna jibu anaweza kuandika "apimwe kwanza" na umerudi nyuma miezi.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi inayosema masikio na macho yako sawa, au yana tatizo na linashughulikiwa.

## Hatua ya 2: Mwangalie kwa Kiswahili

Hapa ndo penye vita yetu wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shule ikiona jina na lugha ya nyumbani, jibu la haraka ni kwamba mtoto bado anajifunza Kiingereza. Mara nyingine ni kweli. Sheria yenyewe, Children and Families Act ya 2014 kifungu cha 20(4), inasema mtoto hahesabiwi ana ugumu wa kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani ni tofauti na ya darasani. Nzuri hiyo, inalinda watoto wetu wasiwekwe kwenye kapu wasilostahili. Ila lile neno "tu" ni muhimu. Mtoto anaweza kuwa anajifunza Kiingereza NA ana ugumu wa kujifunza, vyote kwa pamoja, na hapo shule haiwezi kujificha nyuma ya lugha.

Utajuaje? Tatizo la kweli la kujifunza linaonekana kwenye lugha zote mbili. So mjaribu kwa Kiswahili, au Kikongo, Kibajuni, Chimiini, lugha yoyote mnayoongea ndani. Mwambie alete kijiko na sahani halafu azime taa ya jikoni. Anarudi na kijiko tu, kila siku, na ana miaka minane? Andika. Akiongea na bibi yake kwenye simu anaweza kumsimulia kitu kilichotokea jana kuanzia mwanzo hadi mwisho, au anaruka ruka mpaka bibi anauliza "nani huyo tena?" Anapoteza majina ya vitu anavyovijua? Mdogo wake, aliyezaliwa huku na anayechanganya lugha vile vile, ameshampita kusoma?

Upande wa pili uwe mkweli pia. Kama kwa Kiswahili anasimulia vizuri, anatania, anashika hesabu za chenji, na amefika England juzi juzi, basi mpe muda na idai shule imsaidie Kiingereza. Kumkimbiza kwa EP hakutasaidia.

Andika mifano mitano sita yenye tarehe. Hizo ndizo silaha zako kwenye hatua zote zinazofuata, maana hakuna mtu shuleni anayeweza kuziona isipokuwa wewe.

## Hatua ya 3: Imeli kwa SENCO

SENCO ni mwalimu anayesimamia watoto wenye mahitaji maalum, kila shule ya serikali inaye. Usiishie kwa mwalimu wa darasa getini. Maneno ya getini hayana tarehe, na mwalimu akihama mwezi wa saba yameondoka naye.

Imeli iwe fupi, kwa Kiingereza rahisi, isiwe ya kulalamika. Iseme mambo haya:

- Nina wasiwasi mtoto wangu ana mahitaji maalum ya elimu, na sababu zangu ni hizi, hapo mifano yako mitatu.
- Masikio na macho yamepimwa, matokeo ni haya.
- Ugumu huu uko kwenye lugha ya nyumbani pia, siyo Kiingereza peke yake.
- Naomba kikao, na naomba kujua kama yuko kwenye orodha ya SEN support (msaada wa mahitaji maalum unaotolewa na shule), anapata msaada gani na lini mtamshirikisha EP.
- Naomba mkalimani, kama unamhitaji.

Kwenye mkalimani uwe wazi. Sema Kiswahili cha wapi, maana wa Bukavu na wa Zanzibar wanaweza kusumbuana kwenye maneno ya shule, na Mbarawa anayeongea Chimiini akiletewa mkalimani wa Kisomali kwa kuwa ametokea Somalia kikao kimeharibika. Na mtoto wako mkubwa asiwe mkalimani. Atapunguza makali ya unachosema, atamwonea haya mdogo wake, na mambo mengine hayafai ayasikie.

Usipojibiwa ndani ya wiki mbili za shule, tuma tena imeli ile ile ukimnakili mwalimu mkuu.

## Hatua ya 4: Kikao

Sisi tumelelewa kwamba mwalimu anajua, mzazi anaitikia. Huku ukiitikia "yes, yes" wanaandika kwamba mzazi ameridhika. Heshima unaweza kuiweka na bado ukauliza maswali.

Uliza manne haya na uandike majibu palepale: Yuko kiwango gani ukimlinganisha na umri wake? Mmemfanyia nini mpaka sasa, dakika ngapi kwa wiki, na nani? Kimesaidia kiasi gani? Na kisiposaidia, EP anaitwa lini?

Hilo la nne wakisema "tuna masaa machache", jibu liwepo mdomoni: mwongozo wa serikali unaoitwa SEND Code of Practice (SEND ni mahitaji maalum ya elimu na ulemavu), wa 2015, aya ya 6.58, unasema mtoto akiendelea kubaki nyuma licha ya msaada, shule inapaswa kufikiria kuwaleta wataalamu, na aya ya 6.59 inasema shule inaweza kuwashirikisha wakati wowote. Siyo amri, lakini wakijua umesoma mazungumzo yanabadilika.

Jioni ile ile tuma imeli ya mistari mitano: asante kwa kikao, tumekubaliana hivi na hivi, kama nimekosea nirekebisheni. Usipitishe siku.

## Hatua ya 5: Mzunguko wa msaada

Shule inatakiwa ifanye mzunguko: inamchunguza mtoto, inapanga msaada, inautoa, inapitia imekuwaje, halafu inaanza tena. Inapaswa kukutana na wewe angalau mara tatu kwa mwaka. Kila ukimalizika mzunguko mmoja omba karatasi ya mpango.

Kwa nini ujali makaratasi haya? Kwa sababu EP akija, au kaunsili ikiombwa, swali la kwanza ni shule imejaribu nini. Mpango unaosema "msaada wa kusoma" hauna kitu ndani. Unaosema "dakika 20 mara tatu kwa wiki na mwalimu msaidizi, kwa wiki 10, amepanda kutoka hapa hadi hapa" una ushahidi.

Wakimleta EP katika hatua hii, ruka mpaka hatua ya 7. Ila mizunguko ikiwa miwili na mtoto hajasogea, au shule inakuzungusha, usikae kusubiri huruma.

## Hatua ya 6: Andikia kaunsili mwenyewe

Tafuta kwenye tovuti ya kaunsili yako idara ya SEND. Wengi wana fomu ya onlaini, lakini barua au imeli inakubalika pia, sheria haikulazimishi fomu. Taja kwamba unaomba EHC needs assessment chini ya kifungu cha 36(1) cha Children and Families Act 2014. Weka jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule, wasiwasi wako, na faili lako lote.

Kigezo cha kisheria kiko kwenye 36(8) na ni chepesi kuliko watu wanavyoambiwa: mtoto ana, au HUENDA ana, mahitaji maalum, na HUENDA ikahitajika apewe msaada kupitia mpango wa EHC. Basi. Kwa hiyo ukiambiwa lazima EP awe ameshamwona, au lazima shule iwe imeshatumia pauni 6,000, au lazima shule ndo iombe, hizo ni sera za watu, siyo sheria. Wajibu kwa maandishi ukinukuu 36(8).

Saa inaanza siku kaunsili inapopokea ombi:

- Wiki 6: wakuambie wanafanya tathmini au hawafanyi.
- Wiki 16: kama hawatatoa mpango wakuambie.
- Wiki 20: mpango wa mwisho uwe mkononi.

Kiuhalisia inachelewa, mwaka 2024 chini ya nusu ya mipango mipya ilitoka ndani ya wiki 20, na uhaba wa EP ni sababu kubwa. Weka tarehe hizo kwenye kalenda ya simu, na kila moja ikipita tuma imeli siku inayofuata. Ombi la mwezi wa saba linaweza kukwama kwa sababu shule zimefungwa, ukiweza tuma Septemba au Januari.

Mambo mawili yanayotutisha bure. La kwanza, kaunsili inatakiwa kuomba ushauri wa idara ya ustawi wa jamii, wale tunaowaita social, so unaweza kupata simu au barua kutoka kwao. Usishtuke ukadhani mtoto anachukuliwa, ni utaratibu wa kila mtoto anayefanyiwa tathmini hii. La pili, wenye viza iliyoandikwa "no recourse to public funds": elimu ya mtoto na msaada wake shuleni havimo kwenye public funds, omba bila hofu. Ila pesa ya DLA, posho ya mtoto mwenye ulemavu, imo, hiyo usiombe kabla hujauliza mwanasheria wa uhamiaji.

Wakikataa? Barua ya kukataa inakuja na haki ya rufaa kwenye SEND Tribunal, mahakama ya kesi hizi, hakuna ada. Unapaswa kwanza kuwasiliana na mshauri wa usuluhishi, siyo lazima ufanye usuluhishi wenyewe, unampigia anakupa cheti. Una miezi miwili tangu tarehe ya barua au mwezi mmoja tangu cheti, ile inayochelewa zaidi. Msaada wa bure upo: kila eneo lina huduma inayoitwa SENDIASS, na shirika la IPSEA lina barua za mfano kwenye tovuti yao. Waambie SENDIASS mapema kama unataka mkalimani.

Wengine wanauliza kuhusu EP wa kulipia. Inawezekana, inakula mamia ya pauni na mara nyingi inapita 1,000. Hakikisha yuko kwenye rejista ya HCPC, chombo kinachosajili wataalamu hawa, unaangalia mwenyewe onlaini bure, jina lisipokuwepo huyo siyo EP kisheria. Kaunsili inapaswa kuizingatia ripoti yake ila hailazimiki kukubali kila neno. Mimi ningeanza na njia ya bure, pesa hiyo ibaki akiba ya rufaa kama mambo yatakuwa magumu.

## Hatua ya 7: Siku ya EP

EP mzuri anamtazama mtoto darasani, anaongea na mwalimu, anaongea na wewe, na anakaa na mtoto kwa mazoezi ya kufikiri, kumbukumbu, kusoma. Omba aje ana kwa ana, siyo simu na karatasi tu.

Usimfundishe mtoto majibu wala kumtafutia majaribio kwenye intaneti. Ukimfundisha akapanda, ripoti itasema hana shida. Mwambie tu kuna mgeni atakuja kuona anavyopenda kujifunza, hakuna kufeli. Alale, anywe chai, avae miwani yake kama anayo.

Kabla ya siku hiyo mtumie EP ile mifano yako ya Kiswahili, na umuulize vipimo vyake vinamfaaje mtoto wa lugha mbili. Vipimo vingi vimesanifiwa kwa watoto wanaoongea Kiingereza, alama ya msamiati inaweza kushuka kwa sababu ya lugha tu. Anayejua kazi yake atatumia pia vipimo visivyotegemea maneno na atakueleza hilo kwenye ripoti.

Akikuuliza kuhusu ujauzito, kuzaliwa, safari ya kuja huku, vifo vya karibu au vita, sema. Najua kwetu mambo ya ndani hayatoki nje. Lakini mtoto aliyekaa kambini miaka minne na mtoto asiyewahi kukosa shule wakipata alama moja, maana yake siyo moja.

Na kama kuna ripoti ya zamani ya EP, kaunsili inaweza kutaka kuitumia hiyo hiyo. Ni lazima na wewe ukubali kwamba inatosha. Mtoto alipimwa akiwa na miaka minne, sasa ana tisa? Kataa kwa maandishi.

## Hatua ya 8: Kusoma ripoti

Usitafute jina la ugonjwa. EP mara nyingi hatoi utambuzi wa usonji au ADHD, hizo zinapitia GP na wataalamu wa NHS, na foleni yake ni nyingine kabisa, anza zote mbili kwa pamoja. Unachotafuta ni mahitaji yake na msaada uliotajwa kwa namba.

Kamata maneno mepesi: "atanufaika na", "apewe fursa ya", "msaada wa mara kwa mara". Hayo shule inaweza kuyatimiza kwa dakika tano kwa mwezi. Mwandikie EP au kaunsili uombe ifafanuliwe: nani, amefunzwa nini, dakika ngapi, mara ngapi, kikundi cha watoto wangapi.

Kama EP aliletwa na shule, ripoti haina nguvu ya kisheria, ni ushauri, kwa hiyo omba kikao muingize mapendekezo kwenye mpango wa shule, na yakishindikana ripoti hiyo hiyo iambatanishe kwenye ombi la hatua ya 6.

Kama ni kupitia kaunsili, rasimu ya mpango ikija una siku 15 za kutoa maoni. Kaa na ripoti ya EP upande mmoja na rasimu upande wa pili. Kila hitaji lililotajwa na EP liwe kwenye sehemu B, kila msaada uwe sehemu F, shule iwe sehemu I. Kilichoachwa nje ya F hakuna anayelazimika kukitoa. Pigia mstari, rudisha kwa imeli, na ukiona hawajarekebisha, mpango wa mwisho ukitoka nao una rufaa.

Baada ya hapo mpango unapitiwa kila miezi 12. Mwenye mtoto Year 6, mwaka wa mwisho wa primary, asisubiri zamu ya kawaida: kaunsili inatakiwa iwe imeshaandika jina la sekondari kwenye mpango kabla ya tarehe 15 Februari ya mwaka anaohamia, so anza kutembelea shule na kuuliza maswali akiwa bado Year 5.